Uofisa wa Jeshi Haukaririwi

Kila vijana wenye elimu waitwapo kwenye usaili wa uofisa wa jeshi, huzuka wachuuzi wa aina ya peke yake. Hawa hawauzi nyanya wala vitenge. Huuza vijitabu vya maswali na majibu, huendesha madarasa ya usiku kwa malipo, na huwaahidi wazazi kwamba kijana akikariri kurasa chache tu, nyota iko begani. Huo ni ulanguzi. La kusikitisha zaidi ni pale muuzaji anapokuwa mwalimu, na mnunuzi mtumishi wa umma.

Hakuna asemaye kijana asijiandae. Kuijua sura ya mtihani na kuzoea kugawa muda wake ni haki yake. Kosa ni kudhani kwamba kujiandaa ni kumeza majibu. Kijitabu huuliza: kikosi kinachokwenda kilomita 4 kwa saa kiondoke saa ngapi ili kimalize kilomita 14 saa 12 asubuhi? Mkariri hujibu upesi: saa 8 na nusu usiku. Lakini akiambiwa kwamba njiani kuna mto utakaowachelewesha nusu saa, hana jibu, kwa kuwa mto huo haumo kitabuni. Vitani mito ni mingi, na anayelipa gharama ya ofisa asiyeweza kufikiri ni askari aliye chini yake.

Historia ya mitihani hii inafundisha. Mwaka 1917 na 1918 jeshi la Marekani liliwapima askari wapatao 1,700,000, na alama za juu zikawa mlango wa mafunzo ya uofisa. Miongoni mwa maswali yalikuwamo yaliyohusu bidhaa za viwandani na michezo ya nchi ile. Mtoto wa mhamiaji maskini angejuaje hayo? Hata hivyo, mwaka 1923 Carl Brigham alizitumia alama hizo kudai kwamba watu wa asili fulani wana akili kuliko wengine. Mwaka 1930 yeye mwenyewe alikiri kwamba hoja yake haikuwa na msingi. Kilichokuwa kimepimwa kwa sehemu kubwa kilikuwa shule aliyopata mtu, wala si akili aliyozaliwa nayo.

Waingereza nao, wakibanwa na vita, walitambua kwamba mahojiano mafupi yaliyowapendelea watoto wa shule za wakubwa hayakuwapa maofisa wa kutosha. Kuanzia mwaka 1942 bodi zao zilikaa na watahiniwa kwa siku kadhaa. Pamoja na mitihani ya kuandika, kundi lisilo na kiongozi lilipewa kazi, kama vile kuvuka kizuizi kwa magogo na kamba, kisha ikatazamwa ni nani anayewaunganisha wenzake na nani anayejitafutia sifa. Hilo halina kijitabu.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Jeshi la mkoloni lilimtaka Mwafrika abebe bunduki, si kuongoza. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, maofisa walio wengi walikuwa bado Waingereza. Maasi ya Januari 1964, ambamo askari walidai pia maofisa hao waondoke, yalionyesha hatari ya jeshi ambalo uongozi wake hautoki kwa wananchi. Ndipo tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Je, mlango uliofunguliwa kwa gharama hiyo ufungwe tena, safari hii kwa fedha za masomo ya usiku? Mtoto wa mkulima wa kijijini hana fedha hizo. Anachotegemea ni mwalimu wake wa mchana.

Basi maandalizi ya kweli yaanzie hapo. Mwalimu afundishe hesabu kwa kuuliza sababu, si jibu peke yake. Ramani itoke ukutani ipelekwe uwanjani. Mwanafunzi azoeshwe kusoma habari ndefu na kuieleza kwa sentensi tatu. Shamba la shule na kazi za mikono ziongozwe na wanafunzi wenyewe kwa zamu, ili kila mmoja ajue kuamuru na kutii. Mwalimu anayezembea mchana ili auze maarifa usiku anawaibia watoto wa wanyonge.

Na mtumishi wa umma aache vimemo. Kimemo kinachombeba mwana asiyeweza ni hujuma kwa ulinzi wa Taifa, hata kikiandikwa kwa lugha ya upole. Mwanawe akishinda kwa uwezo wake, ashangiliwe. Akishindwa, ziko kazi nyingine za heshima za kulijenga Taifa. Nyota ya ofisa ni dhamana ya maisha ya watu, na dhamana hiyo haiuzwi wala haikaririwi.