UCHANGANUZI: Sheria humlinda mnunuzi wa mtandaoni, ila pesa humtoka kabla sheria haijafika

MNUNUZI anayeagiza simu mpya kupitia mtandao akaletewa iliyokwisha kutumika, au anayelipia viatu vya ngozi akapokea vya plastiki, ana haki nyingi katika sheria za Kenya kuliko wengi wanavyodhani.

Tatizo lake ni kwamba haki hizo huanza kufanya kazi pesa zikiwa zimekwisha kumtoka, na aghalabu zikiwa mikononi mwa mtu asiyemjua kwa sura wala kwa makao.

Hilo ndilo pengo linalofanya biashara hii, ambayo Wakenya wengi waliizoea baada ya janga la Covid-19 kuingia nchini Machi 2020, iendelee kufanana na kununua mbuzi kwenye gunia. Sheria hazijakosekana. Kilichokosekana ni njia nyepesi ya kumfikia aliyeuza, na mahali salama pa kuziweka fedha hadi gunia lifunguliwe.

Kanuni ya msingi ni kongwe kuliko intaneti yenyewe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, iliyoanza kutumika enzi za ukoloni mwaka wa 1931 kwa kufuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1893, inasema kuwa bidhaa inapouzwa kwa maelezo, ni sharti ilingane na maelezo hayo.

Watunzi wake walikuwa wakiwaza mfanyabiashara anayeagiza shehena kwa barua au simu ya maandishi, asiweze kuiona hadi meli itie nanga. Hali yake haitofautiani sana na ya kijana wa leo anayetazama picha ya televisheni kwenye simu yake akiwa Lodwar, ilhali televisheni yenyewe iko Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Sheria hiyo pia inampa mnunuzi nafasi ya kuikagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Akiikataa kwa haki, hatakiwi kuirudisha kwa gharama yake isipokuwa kama walikubaliana hivyo. Yatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Lakini akikaa nayo kimya kupita muda wa kadiri, huhesabiwa kuwa ameridhika nayo.

Katiba ya 2010 iliipandisha hadhi haki hiyo. Kifungu cha 46 kinasema kuwa watumiaji wana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa habari wanazohitaji ili wafaidi bidhaa hizo kikamilifu, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro.

Miaka miwili baadaye, Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Humo, kumwambia mteja kuwa bidhaa ni mpya ilhali si mpya, au kwamba ni ya kiwango, aina au ubora ambao haina, ni hila iliyopigwa marufuku. Mteja aliyehadaiwa kwa njia hiyo anaweza kuvunja mkataba na kudai fidia.

Sheria hiyo ina sehemu mahususi kuhusu mikataba ya intaneti. Muuzaji anatakiwa kumpa mteja habari zilizowekwa kisheria kabla ya kuuza, kumpa nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa, na kisha kumpa nakala ya mkataba. Akikosa kutoa habari hizo au nafasi hiyo, mteja anaweza kuufuta mkataba hadi siku saba baada ya kupata nakala. Asipopewa nakala, anaweza kuufuta ndani ya siku 30 tangu walipokubaliana.

La kuzingatiwa zaidi ni kwamba haki hizo haziondolewi na masharti ya muuzaji. Yale maneno yanayoonekana kwenye risiti na kurasa za maduka, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayawezi kuifuta haki ambayo Bunge limempa mteja.

Haki isiyo na anwani

Ikiwa sheria ni nzito kiasi hicho, mbona wanunuzi wengi huishia kusonya na kusamehe?

Jibu la kwanza limo katika hesabu. Mteja wa Bungoma aliyelipa Sh2,500 kwa viatu na kuletewa visivyofaa hawezi kufunga safari hadi Nairobi kudai haki, kwani nauli na siku za kazi atakazopoteza zitaimeza thamani ya viatu hivyo.

Jibu la pili ni kwamba mengi ya mauzo haya hayafanyiki katika maduka makubwa ya mtandaoni yenye ofisi, wanasheria na utaratibu wa kurudisha bidhaa. Hufanyika kwenye kurasa za Facebook, Instagram na TikTok, na makubaliano hukamilishwa kwa WhatsApp.

Muuzaji hapo ni jina la kubuni, picha za kuvutia na nambari ya simu. Mteja akilalamika, nambari yake hufungiwa. Akisisitiza, ukurasa hubadilishwa jina na biashara ikaendelea kama kawaida. Sheria inayomtaka muuzaji atoe nakala ya mkataba haina makali mbele ya muuzaji ambaye hata jina lake halijulikani.

Akienda polisi, mlalamishi hukumbana na ugumu mwingine. Aliyelipa na asipelekewe chochote na muuzaji ambaye tangu mwanzo hakuwa na bidhaa anaweza kudai ametapeliwa, na kosa la kupata mali kwa njia ya udanganyifu limo katika Kanuni ya Adhabu. Lakini aliyeletewa gauni la rangi tofauti au simu yenye betri iliyochoka huambiwa kuwa hayo ni madai ya watu wawili, aende mahakamani.

Mkono kwa mkono

Wakenya wamejitungia kinga yao wenyewe, nayo ni kulipa baada ya kupokea. Mwendeshaji wa bodaboda hufika mlangoni, kifurushi kikafunguliwa mbele yake, na mteja akiridhika hutuma pesa kwa simu.

Utaratibu huo, usioandikwa popote, hulinda mnunuzi kuliko kifungu chochote cha sheria, kwa kuwa pesa hubaki mfukoni mwake hadi macho yaone. Hata hivyo, hukoma mara tu mteja anapoishi mbali na muuzaji.

Anayeagiza kutoka Garissa, Migori au Voi huambiwa alipe kwanza, kisha kifurushi kipakiwe kwenye basi au matatu. Hivyo basi, wakazi wa miji midogo, ambao ndio hasa wanaohitaji mtandao kwa sababu maduka ya karibu nao hayana bidhaa za kutosha, ndio pia wanaobeba hatari kubwa zaidi.

Njia ya malipo huongeza hatari hiyo. Anayelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard anaweza kupitia benki yake kupinga malipo kwa sababu bidhaa haikulingana na maelezo, na benki ya muuzaji ikatakiwa kujibu.

Lakini biashara ndogondogo nchini huendeshwa kwa M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Machi 2007 kwa lengo la kumwezesha mtu kumtumia mwenzake pesa papo hapo. Utaratibu wake wa kurejesha fedha ulikusudiwa mtu aliyekosea nambari. Haukuundwa kuamua kama viatu ni vya ngozi au vya plastiki.

Wepesi ulioipa sifa ndio huohuo unaomponza mnunuzi, kwa kuwa pesa humfikia muuzaji katika sekunde chache na huweza kutolewa kwa wakala kabla kifurushi hakijaondoka stendi.

Yaliyofanywa kwingine

China ilikabiliana na tatizo hili mapema. Wakati wanunuzi walipohofia kuwatumia pesa wauzaji wasiowajua katika soko la Taobao, huduma ya Alipay ilianzishwa mwaka wa 2004 ikawa inashika fedha kama amana, na kumpa muuzaji baada ya mteja kuthibitisha kuwa amepokea alichoagiza. Mwaka wa 2014, sheria ya nchi hiyo iliongeza haki ya kurudisha bidhaa nyingi zilizonunuliwa mtandaoni ndani ya siku saba bila kutoa sababu.

Mataifa ya Muungano wa Ulaya yanampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili nia, chini ya agizo la 2011 lililoanza kutekelezwa Juni 2014. Nchini Uingereza, sheria ya 2015 inampa mteja siku 30 za kuikataa bidhaa yenye kasoro au isiyolingana na maelezo na kurudishiwa pesa zote.

Tofauti kati ya njia hizo ni muhimu kwa Kenya. Siku 14 za Ulaya zina maana pale ambapo muuzaji ana anwani na mamlaka za kumwandama. Amana ya China hufanya kazi hata kama muuzaji hajulikani, kwa kuwa hana pesa za kutoroka nazo. Nchi ambayo wauzaji wake wengi ni nambari za simu tu ingefaidika zaidi na njia ya pili.

Madai ya wauzaji

Wauzaji nao wana malalamiko yenye uzito. Wapo wateja wanaoagiza bidhaa kisha wakazima simu mletaji anapofika, na wengine huvaa nguo harusini Jumamosi na kutaka kuirudisha Jumatatu. Mfanyabiashara mwenye mtaji wa elfu chache hawezi kustahimili safari mbili za bodaboda kwa gauni ambalo halikununuliwa.

Kwa sababu hiyo, amana ingewalinda hata wao. Muuzaji angejua kwamba pesa zimekwisha kutolewa na mteja na zinangoja tu, kwa hivyo hatapeleka mzigo kwa mtu asiye na nia ya kununua.

Hoja kwamba ni vigumu kuwatambua wafanyabiashara wa mtandaoni pia imepungua nguvu. Laini za simu husajiliwa kwa kitambulisho, na akaunti za kupokea pesa vilevile. Serikali yenyewe ilianza kutoza ushuru wa huduma za dijitali wa asilimia 1.5 Januari 2021, kabla ya kuufuta na kuweka mwingine kupitia sheria ya mwaka wa 2024. Dola inayoweza kuufuata mtandao kutafuta kodi haiwezi kudai kuwa mtandao huohuo haufuatiki mwananchi anapotafuta pesa zake.

Milango iliyo wazi

Mlango unaoleta matumaini zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa, na hutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili.

Tangu 2020, kanuni za kesi za madai zimeruhusu mshtakiwa apelekewe hati kupitia barua pepe au programu za ujumbe za simu. Hivyo, nambari ya WhatsApp iliyotumiwa kumhadaa mteja inaweza pia kutumiwa kumwita muuzaji mahakamani.

Malalamishi kuhusu matangazo ya uongo yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani Nchini, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa. Tofauti na mahakama, inayoamua kisa kimoja kimoja, mamlaka inaweza kuchunguza muuzaji ambaye amewakosea mamia ya watu kwa viasi vidogo vidogo.

Lakini milango hiyo yote humtaka mnunuzi awe na ushahidi, na wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ya tangazo lenyewe kabla halijafutwa, mazungumzo yote, ujumbe wa malipo wenye jina la aliyepokea, na video ya kifurushi kikifunguliwa ndiyo daftari la mnunuzi wa leo. Ujumbe wa kuikataa bidhaa nao utumwe mara moja, wala usingoje wiki ipite.

Kwa upande wa Serikali, hatua zinazohitajika si za kuandika sheria mpya kubwa. Sheria ya 2012 iliacha mambo mengi yawekwe kwa kanuni, zikiwemo habari ambazo muuzaji lazima azitoe na kiwango cha malipo kinachohusika. Kupitia kanuni hizo, kampuni za malipo zinaweza kutakiwa kutoa huduma ya amana kwa mauzo ya mbali, na majukwaa kutakiwa kuhifadhi jina halisi la kila anayeuza na kulitoa mahakama inapoagiza.

Hadi hilo lifanyike, ulinzi wa Mkenya anayenunua mtandaoni utaendelea kutegemea umbali uliopo kati yake na muuzaji. Anayeishi karibu atakagua na kulipa. Anayeishi mbali atalipa na kuomba dua. Katiba, ambayo haikuwagawa watumiaji kwa kaunti, iliwaahidi wote wawili kitu kimoja.