Wiki Yetu Siku kwa Siku: Machakos na Hesabu ya Masiku



Idi Kubwa imekwisha kutupita, na Mfunguo Tatu, mwezi wa mwisho katika mwaka wetu wa Kiislamu, umefika katikati. Zimesalia wiki mbili na siku chache tuukaribishe Muharram wa 1448, kila nyumba kwa mwandamo itakaotangaziwa. Wenye maduka hufunga daftari zao mwaka unapokwisha. Wenye nyumba nao wana daftari ya kufunga, nayo ni ya masiku: saumu zinazodaiwa, zaka iliyofikia wakati wake, eda inayohesabiwa. Ndiyo maana wiki hii, katika kuzipanga siku zetu saba kutoka hapa Machakos, tumechanganya tarehe za kukumbuka na hesabu za kulipa. Tunaanza na Jumamosi, kama ada ya lugha yetu.

Jumamosi, 30 Mei

Tarehe kama ya leo, mwaka 1899, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika kwenye kinamasi ambacho leo ni jiji la Nairobi. Kabla ya siku hiyo, mji wa kutajwa huku bara ulikuwa Machakos. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa na ngome hapa, na mwaka 1892 John Ainsworth alikuja kuwa mkubwa wa kituo. Jina lenyewe latokana na Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba. Ndimi za wageni zililigeuza likawa hili tulitumialo.

Misafara ya kutoka pwani ilipita hapa ikielekea Uganda. Wapagazi, askari na wafanyabiashara walikuja na Kiswahili chao na swala zao, na kwa njia hiyo hiyo Uislamu uliingia katika miji mingi ya bara. Kisha reli ikapita uwanda wa Athi, ikaviacha vilima vya Machakos kando. Mwaka huo huo wa 1899 Ainsworth alihamishia ofisi zake Nairobi, na mji uliokuwa mkubwa ukawa jirani wa mji mkubwa. Hata hivyo waliobaki hawakuacha kulima, kuuza wala kusali. Ukubwa wa mji huamuliwa na njia. Heri ya nyumba huamuliwa na waliomo ndani yake.

Jumapili, 31 Mei

Mwaka 2017, tarehe hii, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa. Safari hii kaunti yetu haikuachwa kando, kwani treni husimama Athi River. Leo pia ni siku ambayo Shirika la Afya Duniani limeitenga kwa kuwaasa watu waache tumbaku. Mwenye mzee au kijana avutaye amshike mkono kwa upole.

La kuchekesha leo ni majina ya siku. Sisi Waswahili huhesabu kuanzia baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano iliyo ya tano. Hapo tunaiacha hesabu yetu na kushika ya Kiarabu: Alhamisi nayo maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza na Jumapili. Wiki yetu, basi, ina siku mbili za tano zilizofuatana, wala haina ya sita.

Majirani zetu Wakamba huanza na Jumatatu, wakaiita *wakwambililya*, yaani ya kuanzia. Jumanne kwao ni *wa keli*, ya pili, na Jumatano ni *wa katatu*, ya tatu. Mama wa sokoni akikuahidi kuku kwa siku ya *wa katatu*, nawe sikio lako likasikia Jumatatu, utamngoja siku mbili na kumdhania si mkweli. Alhamisi ni *wa kana*, Ijumaa ni *wa katano*, na Jumamosi yetu ya kwanza kwao ni *wa thanthatu*, ya sita. Siku ni ile ile moja, ila kila kaumu imeipa nambari yake. Kwa hiyo anayepanga posa, malipo au safari na jirani, na ataje tarehe pamoja na jina la siku.

Jumatatu, 1 Juni

Leo ni Siku ya Madaraka. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata serikali yake ya ndani, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu, na uhuru kamili ukafuata Desemba 12.

Kwa watu wa pwani mwaka huo ulikuwa na jambo jingine. Ukanda wa maili kumi ulikuwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar, na mapatano ya Oktoba 1963 ndiyo yaliyouingiza katika Kenya. Katika mapatano hayo mlikuwamo ahadi ya kuhifadhi mahakama za makadhi. Ahadi hiyo imo hata katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170: kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, pale pande zote mbili zilipo za Waislamu na zikaridhia kupelekwa kwake. Ni haki ambayo mwanamke wa Kiislamu aliye Machakos anayo sawa na aliye Lamu. Lakini kadhi naye huuliza tarehe: ndoa ilifungwa lini, talaka ilitamkwa lini, marehemu alifariki lini. Asiyejua kujibu huirefusha kesi yake mwenyewe.

Jumanne, 2 Juni

Wanaopita katikati ya Nairobi huijua barabara ya Muindi Mbingu. Mwenye jina hilo alikuwa mtu wa huku Ukambani. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilisema kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi na ardhi inaliwa na mmomonyoko, ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa lazima. Ng'ombe hao ndio waliokuwa mahari, akiba na heshima ya nyumba. Mwaka 1938 watu wa Machakos, wake kwa waume pamoja na watoto, walikwenda Nairobi wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Mwishowe serikali ikaacha kuuza mifugo kwa lazima, lakini Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu.

Tunapenda kulitafakari jambo hilo. Mtu wa vilima vya mawe alitupwa kisiwani penye minazi na adhana, akawa mgeni wa watu wetu. Mji uliotumiwa kuwa kifungo chake ulikuwa kwa wengine nyumbani kwenye raha. Na tuwakumbuke katika dua zetu walio mbali na watu wao, wawe kizuizini au kazini Ughaibuni.

Jumatano, 3 Juni

Leo ni siku ya kufungua daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ibada nayo, bila daftari, huenda njia hiyo hiyo.

Tuanze na zaka. Mwaka wa zaka ni mwaka wa mwezi mwandamo, wenye siku 354 au 355. Mwaka wa kalenda iliyotundikwa ukutani una siku 365, hivyo umezidi kwa siku kama 11. Mama mwenye akiba iliyofikia kiwango, ambacho ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, akilipa kila Januari kwa asilimia mbili na nusu, huwa anachelewa siku hizo 11 kila mwaka. Miaka 33 ya jua ni miaka 34 ya mwezi. Mtu wa namna hiyo, akifika utu uzima, atakuwa amelipa mara 33 pale alipopaswa kulipa mara 34, na zaka ya mwaka mzima ya maskini imebaki mkononi mwake bila ya yeye kukusudia. Wako wanavyuoni wa leo wanaomruhusu mfanyabiashara aliyefungwa na mwaka wa jua alipe asilimia 2.577 ili kufidia zile siku. Kwa nyumba zetu, lililo jepesi ni kuchagua mwezi mmoja wa Kiislamu na kuuandika.

Pili ni eda. Mjane asiye mjamzito hukaa miezi minne na siku kumi, nayo ni miezi ya mwandamo. Mjamzito eda yake humalizika anapojifungua. Na hapa pana jambo linalowapata wengi wenye waume walio kazini mbali: habari ya kifo ikichelewa, eda, kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, huanza siku aliyofariki mume, si siku iliyofika habari. Basi anayeleta habari ya msiba asilete machozi peke yake. Alete na tarehe. Bila tarehe, mjane atakaa eda ya kubahatisha, ama azidishe kukaa bila haja, ama atoke kabla ya wakati.

Tatu ni urithi. Barabara ya Mombasa hupita katika kaunti yetu, nasi tumewazika waliofariki katika ajali zake. Baba na mwana wakifa katika ajali moja, mtoto akatangulia hata kwa saa moja, baba humrithi. Isipojulikana nani alitangulia, wanavyuoni wengi husema hawarithiani; mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai. Saa iliyoandikwa hospitalini yaweza kuamua kama mjane na mayatima watapata fungu jingine au la. Karatasi hiyo na itunzwe.

Alhamisi, 4 Juni

Anayedaiwa saumu za Ramadhani na azilipe sasa. Dada na mama zetu wengi wana siku tano, sita au saba, na waliojifungua wana zaidi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, anayechelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, hulipa saumu na juu yake kibaba cha chakula kwa kila siku. Alhamisi na Jumatatu ni siku njema za kuanzia, na siku moja kwa wiki humaliza deni la saba kabla ya mwezi wa Agosti.

Aliye huku bara asifuturu kwa adhana ya Mombasa inayosikika redioni. Jua huchwea mapema zaidi kwa walio mashariki. Machakos iko magharibi ya Mombasa kwa takriban digrii mbili na nusu, na kila digrii moja ni dakika nne. Jua la Mombasa hutangulia kuzama kwa dakika kama kumi, na msimu huu hata zaidi. Afuturuye kwa redio hiyo huwa amekula mchana. Adhana ya msikiti wa karibu ndiyo ya kufuata.

Kwa futari, tunapendekeza mbaazi. Mbaazi nyingi zinazopikwa kwa nazi na kuliwa na mahamri huko pwani hutoka mashamba ya Ukambani. Huku hupikwa pia pamoja na *muthokoi*, mahindi yaliyotwangwa yakaondolewa maganda. Nasi tumezoea kuyatilia tui la nazi, na majirani waliotutembelea hawajalalamika bado.

Ijumaa, 5 Juni

Leo ni Siku ya Mazingira Duniani, iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1972. Machakos ina la kusema. Vilima ambavyo maofisa wa 1930 walidhani vimekwisha kufa, leo vimepambwa kwa matuta. Tuta la huku huitwa *fanya juu*, kwa Kiswahili hicho hicho chetu: huchimbwa mtaro wa kuzunguka mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu ili uzuie maji. Kati ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua. Kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya *mwethya*, vya kusaidiana kwa zamu, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake. Walilima kwa huyu leo na kwa yule kesho, na kila mmoja alikumbuka zamu anayodaiwa.

Katika Suratul-Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa, vijana wa pangoni wametajwa kuwa walikaa miaka mia tatu, na ikaongezwa tisa. Baadhi ya wafasiri wamesema kwamba mia tatu ya jua ni mia tatu na tisa ya mwezi. Atakayefika aya ya 25 leo na asimame hapo kidogo, azingatie kwamba hesabu zote mbili zina nafasi yake.

Kabla Muharram haujaandama, basi, kila nyumba na iwe na daftari moja, na ndani yake iandikwe: mwezi wa zaka na kiasi kilichotolewa, saumu anazodaiwa kila mmoja, tarehe za ndoa, uzazi na vifo, kwa kalenda zote mbili, na madeni, ya kudai na ya kudaiwa. Ajuaye kuandika amwandikie bibi asiyejua, na wawili wa nyumbani wajue daftari ilipowekwa.

Mola atutakabalie, awarehemu waliotangulia, na awarejeshe mahujaji wetu salama. Ijumaa karimu.