Chuma cha ubavuni: kinamlinda nani hasa?

Kuna msemo mmoja umenichosha. Nenda kwa muuza vipuri, muulize fundi, au sikiliza wenye pikapu wakipiga gumzo, utaambiwa hivi: funga chuma ubavuni, siku ukigongwa utashukuru. Huulizwi ni gari gani, ni chuma gani, wala utagongwa na nini. Chuma ni chuma, basi. Mtu analipa, bomba linafungwa, na anaondoka akiamini amenunua usalama.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, siundi magari. Lakini katika kazi yetu, kabla hujaongeza kitu chochote kwenye mfumo ambao tayari unafanya kazi, kuna maswali mawili lazima uyajibu. Hiki kitu kimekusudiwa kufanya nini? Na kimejaribiwa vipi? Ukikosa majibu, hakiingii, hata kama kinapendeza namna gani. Leo nataka kuyauliza maswali hayo hayo kuhusu vyuma vya ubavuni.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msije mkasema ninawazungusha. Kwenye pikapu, vyuma hivi havikukingi jinsi unavyodhani, na wakati mwingine vinadhuru. Kwenye lori vingeokoa maisha, na huko ndiko tusikovifunga. Chuma tunacho, pesa tunazo, ila tumevifunga kwenye gari lisilohusika.

Vitu vitatu, sura moja

Tatizo la kwanza ni kwamba tunachanganya vitu vitatu ambavyo ukiviona kwa mbali vinafanana.

1. Kikanyagio cha pikapu. Ni bomba au ubao wa chuma chini ya milango, umeshikiliwa kwa vipande vya bati nene vilivyofungwa bolti. Kazi yake ni kukanyaga unapopanda. Pia huzuia mawe yasikwaruze rangi. Kwa mzee au mtoto anayepanda gari la juu kina faida, hilo silipingi.

2. Kinga ya ubavuni ya lori. Hivi ni vyuma vilivyolala kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kuziba lile pengo chini ya bodi. Kanuni namba 73 ya Umoja wa Mataifa inaeleza kazi yake wazi: kumkinga mtembea kwa miguu, mpanda baiskeli na mpanda pikipiki asiangukie chini ya lori. Inapimwa kwa kusukumwa kwa nguvu ya kilonyutoni 1, yaani kama uzito wa kilo 100 hivi, na haipaswi kupinda zaidi ya milimita 150, au milimita 30 katika sehemu ya mwisho ya nyuma. Kwa hiyo haikuundwa kusimamisha gari. Imeundwa kumrudisha nje mtu anayeanguka.

3. Kinga nzito ya trela, ya kuzuia gari dogo lisiingie chini. Mwaka 2017 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharimiwa na makampuni ya bima, iligongesha gari aina ya Chevrolet Malibu kwenye ubavu wa trela kwa kasi ya kilomita 56 kwa saa. Trela lilipokuwa na kinga iitwayo AngelWing, chuma kilipinda lakini gari lilibaki nje. Lilipokuwa na pazia la faiba tu, lile la kupunguza upepo, gari liliingia chini na paa likakatwa.

Ona basi. Ukiwa mbali, pazia la faiba na kinga ya kweli vyote vinaonekana kama ukuta ubavuni mwa trela. Tofauti yake ni uhai wa waliomo ndani ya gari dogo. Kwa hiyo anayesema "chuma ni chuma" hajasema kitu.

Turudi kwenye pikapu

Sasa tufanye hesabu ya shule ya upili. Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara kasi kwa kipeo cha pili. Katika jaribio la ubavu la Marekani, FMVSS 214, kigari cha kilo 1,368 kinagongeshwa kwenye ubavu wa gari kwa kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde. Nusu ya 1,368 ni 684. Zidisha kwa 225, unapata kama jouli 154,000. Nishati hiyo lazima iende mahali. Aliyeunda gari amepanga iende wapi: upau wa chuma ulio ndani ya mlango, nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, sakafu, paa. Kila kimoja kinapokea fungu lake.

Sasa linganisha na bomba lako. Limening'inia chini ya mlango, mbali kidogo na mwili wa gari, kwa vishikio vitatu. Gari likija kwa ubavu, moja kati ya mambo mawili hutokea. Bampa likiwa juu ya bomba, linalipita na kuingia mlangoni kana kwamba bomba halipo. Likiwa usawa wake, vishikio vinapinda na bomba linasukumwa ndani. Kwa vyovyote vile, halikuwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Najua mtanijibu: hilo ni bomba jepesi, mimi nimefunga lile zito lililoshikwa kwenye chesi, la kupandia mawe. Sawa, tulizungumzie hilo. Chuma hicho kimeundwa kubeba uzito wa gari kutoka chini, gari likikalia jiwe. Nguvu inatoka chini kwenda juu. Mgongano wa ubavuni unatoka upande. Huwezi kuchukua kitu kilichoundwa kwa kazi moja ukadai kinafanya nyingine kwa sababu tu ni kizito.

Nakubali kwamba kinaweza kusaidia katika namna fulani ya ajali: bampa la chini likikigonga chenyewe, nguvu inapelekwa kwenye chesi na mlango unaingia ndani kidogo zaidi. Lakini bei yake ni kwamba kishindo kinahama kwa ghafla zaidi, na anayekipokea ni shingo na kiuno cha aliyekaa ndani. Halafu kuna mifuko ya hewa ya pembeni. Hiyo hufunguliwa na vihisi vilivyo mlangoni au kwenye nguzo ya katikati, navyo vilipangwa kwa gari lililotoka kiwandani bila bomba lako. Mwili wa pikapu umekalia chesi juu ya vipande vya mpira. Ukibadilisha njia ya kishindo, unaweza kubadilisha wakati ambao kihisi kinakipata. Na huko ndani wakati unahesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde.

Kwa lugha ya kwetu: umeweka kiraka kwenye mfumo wa mtu mwingine bila kusoma msimbo wake, halafu jaribio lake la kwanza ni siku ya ajali.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia chuma chake kinakinga, muulize swali moja: kilijaribiwa kwa gari gani, kwa kasi gani? Akianza kukuonyesha unene wa bomba, mshukuru uende zako.

"Magari ya zamani yalikuwa chuma kitupu"

Huu nao ni wimbo wa kila siku. Mwaka 2009 IIHS hao hao waligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso, nusu kwa nusu. Lile la zamani, lenye chuma cha kujivunia, chumba chake cha dereva kiliporomoka. Lile jipya lilikunjika mbele na chumba kikabaki. Ugumu pekee hauokoi mtu. Kinachookoa ni kujua kipi kikunjike na kipi kisikunjike.

Na walio nje je?

Hapa ndipo ninapokasirika. Mazungumzo yote ya vyuma ni juu ya aliye ndani. Bomba linalotokeza ubavuni kwenye msongamano linakutana na goti la mpanda bodaboda na muundi wa anayevuka katikati ya magari. Huko Ulaya, vyuma vigumu vya mbele vilibanwa kisheria mwaka 2005 kwa sababu hiyo hiyo: mtu aliye nje naye ana mifupa.

Sasa tazama lori linalokata kona kushoto mjini. Magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata kwa ndani. Bodaboda aliyejipenyeza kushoto anajikuta kati ya ukingo wa barabara na ubavu wa lori, na nafasi inazidi kupungua. Anaguswa, anaanguka. Pembeni yake hakuna kitu, ni pengo tupu kati ya magurudumu, na juu yake bodi. Nyuma yake inakuja ekseli ambayo sheria ya Afrika Mashariki inairuhusu kubeba hadi tani 10. Hapo hakuna kofia ngumu itakayomsaidia.

Pengo hilo ndilo kinga ya namba 2 imeundwa kuliziba. Uingereza iliifanya lazima tangu miaka ya 1980. Kituo cha Volpe cha Idara ya Uchukuzi ya Marekani kinanukuu takwimu za huko: miongoni mwa wapanda baiskeli waliogongana na ubavu wa lori, vifo vilipungua kwa asilimia 61; kwa watembea kwa miguu, asilimia 20. Jiji la Boston likaiamuru kwa malori yanayofanya kazi za jiji mwaka 2014.

Na sisi? Hapa Kenya waliofariki barabarani mwaka 2023 walipita 4,000, na katika takwimu za NTSA watembea kwa miguu na wapanda pikipiki ndio wanaoongoza mwaka baada ya mwaka. Lori jipya mara nyingi linauzwa likiwa kichwa na chesi, bodi inaundwa na fundi baadaye. Mwenye lori asipoiagiza kinga, fundi hatamwekea.

Mtaniambia barabara zetu ni mbovu, chuma kitagonga chini. Kanuni namba 73 inaruhusu ukingo wa chini kuwa hadi milimita 550 kutoka ardhini. Hiyo ni zaidi ya nusu mita, mengi ya mashimo yetu hayafiki huko. Mtaniambia ni gharama. Anayemfungia meneja bomba la kung'aa kwenye pikapu ameshaonyesha kuwa pesa za chuma hazikosi.

Ila tusifanye ovyo

Fundi wa jua kali anaweza kuunda kinga hii. Haihitaji kompyuta, inahitaji vipimo. Nafasi kati ya upau na upau isizidi milimita 300. Kingo ziwe za mviringo. Kinga isitokeze nje ya upana wa lori. Na hili ni muhimu kuliko yote: mwisho wa mbele usiwe bomba lililokatwa na kuachwa wazi likitazama mbele, maana hapo umeunda mkuki, na mkuki huo utamsubiri yule yule uliyetaka kumwokoa. Kinga mbaya inaweza kuwa mbaya kuliko pengo.

Kwa hiyo, mwenye pikapu, kama unataka kikanyagio cha kupandia, kifunge, ila usikiite kinga, na usimruhusu mtu asimame juu yake gari likienda. Pesa ya usalama ipeleke kwenye matairi, breki na mikanda ya viti vya nyuma. Mwenye malori, pima pengo lako kesho asubuhi. Na wanaoandika viwango, vipimo viko tayari, vimejaribiwa miaka zaidi ya 30, tunachohitaji ni kuvinakili na kuvisimamia.

Ukibisha, bisha. Lakini njoo na matokeo ya jaribio. Unene wa bomba usiniletee.