TUSIISHIE KUPIGA MAKOFI

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Ndugu Alphonce Simbu aliingia uwanjani akimfukuza Mjerumani, Amanal Petros. Nyuma yao zilikuwa zimebaki kilomita 42 za barabara na joto. Katika mita za mwisho kabisa Simbu alijikaza, wakafika mstarini kama mtu na kivuli chake, Mjerumani akaanguka chini, na waamuzi ikawabidi watazame picha ndipo wajue nani ameshinda. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenga ni sehemu tatu tu katika mia za sekunde moja. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa haki yake kushangilia. Maofisini kazi zilisimama, vijiweni watu walitazama zile mita za mwisho mara kumi kumi katika simu zao. Lakini twapenda kuuliza swali moja, na twaliuliza bila kumkejeli mtu: katika wale walioruka ruka kwa furaha siku ile, ni wangapi waliokwenda kazini kesho yake kwa miguu japo kituo kimoja cha basi? Makofi ya kumpigia bingwa hayajapata kumshusha mtu presha.

Jambo hili si la mzaha. Presha na kisukari yalikuwa yakiitwa magonjwa ya wakubwa, ya watu wenye magari na viti vya kuzunguka. Leo yamo katika nyumba za makarani, madereva, walinzi na wauza maduka. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba mwaka 2022 karibu mtu mzima mmoja katika kila watatu duniani hakufikisha kiasi cha mazoezi kinachohitajiwa na mwili. Na kiasi chenyewe si kikubwa: dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamsha damu, yaani nusu saa kwa siku tano. Mfanyakazi anayepooza upande mmoja akiwa na miaka hamsini hajipotezi peke yake. Mkewe huacha biashara yake amuuguze, na mtoto huacha shule kwa kukosa karo.

Twajua jibu litakalotolewa: mbona tunayo mabonanza? Naam, yapo. Mara moja kwa mwaka watumishi hugawiwa fulana, mgeni rasmi hupiga kipenga, na mzee aliyekaa kitini miezi kumi na miwili hushindanishwa mbio za mita mia na kijana aliyeajiriwa juzi. Jumapili hawezi kuinuka kitandani. Jumatatu aapa hatarudia tena. Hayo si mazoezi ya mwili, ni maonyesho, na madhara yake ni kwamba mtu hujifunza kuwa riadha ni maumivu. Amemtazama bingwa akachukua kile asichoweza kukibeba, nacho ni kasi.

Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwa bingwa ni kitu kingine kabisa, na hakionekani katika picha za mita za mwisho. Tumtazame tena Simbu. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alipata shaba mjini London katika mashindano ya dunia, na kila mtu akasema dhahabu imekaribia. Haikukaribia. Katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021 alikuwa wa saba. Paris, mwezi Agosti 2024, alikuwa wa kumi na saba, na hapakuwa na msafara wa magari wa kumpokea kwa ajili ya nafasi hiyo. Mtu huyo wa kumi na saba ndiye aliyekuwa wa pili mjini Boston mwezi Aprili 2025, na bingwa wa dunia miezi mitano baadaye. Miaka minane ilipita kati ya shaba na dhahabu. Katika miaka hiyo aliamka alfajiri mara ngapi pasipo mtu wa kumtazama? Hapo ndipo penye somo kwa karani mwenye kitambi aliyetembea wiki tatu, akapima uzito, akaona mizani haijasogea, akakata tamaa.

Jirani yetu Eliud Kipchoge wa Kenya naye ana la kutufundisha. Huyu ndiye aliyekimbia marathoni mjini Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, yaani chini ya dakika tatu kwa kila kilomita. Msomaji atadhani kwamba mtu wa namna hiyo hukimbia kwa kasi hiyo kila siku. Sivyo hata kidogo. Sehemu kubwa ya mazoezi yake katika kambi ya Kaptagat ni ya mwendo mwepesi, wa dakika nne na zaidi kwa kilomita, na huanza polepole kiasi cha kumshangaza mgeni. Siku ngumu ni chache, na kila baada ya siku ngumu mwili hupewa nafasi ya kupona. Kila zoezi huandikwa daftarini. Na katika kambi hiyo bingwa huyu amekuwa akishika zamu ya kufanya usafi, vyoo vikiwamo, sawasawa na vijana wasiojulikana. Hata mjini Vienna mwaka 2019, alipomaliza umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alisaidiwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkatia upepo. Kwa sababu hiyo haikuandikwa kuwa rekodi rasmi. Lakini bingwa mwenyewe hakuona aibu kusema alihitaji wenzake.

Basi mfanyakazi anayetaka kuanza na aanze kwa namna hiyo: kwa mwendo ambao aweza kuzungumza na mwenziwe bila kuhema, kwa daftari la shilingi chache, na kwa wenzake watatu au wanne wa mtaa watakaomgongea mlango asubuhi anapotaka kulala. Mwenye presha au umri mkubwa amwone mganga kwanza. Mchakamchaka tuliokimbishwa shuleni haukuwa na viatu vya bei kubwa wala saa za kuhesabu mapigo ya moyo. Ulikuwa na wimbo na watu wengi.

Lakini haifai kumhubiria kila mtu mahubiri mamoja. Kuli wa bandarini aliyebeba magunia mchana kutwa hahitaji kuambiwa akimbie. Ahitaji kupumzika na kupewa vifaa visivyomvunja mgongo. Na mama anayeamka saa kumi alfajiri kupika, kisha akapanda daladala mbili kwenda kiwandani, nusu saa yake ya mazoezi ataitoa wapi? Itatoka kwa mume atakayebandika chai mwenyewe. Wanaume wengi wanaomsifu Kipchoge hawaijui habari ile ya vyoo.

Mzee John Stephen Akhwari hutajwa kila mara neno ustahimilivu linapotajwa, kwa ajili ya jioni ile ya Mexico mwaka 1968 alipomaliza wa mwisho, wa 57, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ni haki atajwe. Ila wengi hawajui kwamba miaka miwili baadaye, Edinburgh, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Tumemgeuza sanamu ya maumivu, tukasahau kwamba goti lilipona akarudi mazoezini.

Imebaki kazi ya wenye madaraka. Kiwanda kinachoweza kusimamisha kazi siku nzima kwa ajili ya bonanza chaweza kutoa nusu saa mara tatu kwa wiki. Viwanja vya wazi vilivyomegwa kwa maduka na maegesho virudishwe, na visivyomegwa bado vilindwe. Na karibu kila mtaa una shule ya msingi yenye kiwanja, ambacho jioni hufungwa kwa kufuli wakati wafanyakazi wakipishana na malori barabarani wakitafuta pa kutembea. Halmashauri ziwape wenyeviti wa mitaa funguo za mageti hayo, kuanzia mwezi huu.