Shangazi Hakuuza Shamba

KIDIRISHANI
Na Mwanakombo Faki

Shangazi yangu hakuuza shamba. Naliandika hilo mwanzo kabisa, kwa wino wa gazeti, kwa sababu wiki hii nzima jina lake limeburuzwa mbele ya ukoo, Pemba, Unguja, Dar es Salaam hadi Muscat, kwa ushahidi wa picha iliyopigwa kutoka angani na kusomwa na mtu asiyejua kuisoma.

Wasomaji wa safu hii mnamjua. Ndiye yule wa kisima, aliyekaa juu ya mfuniko asubuhi nzima mpaka wenye pampu yao wakaja kuitengeneza. Wengi wenu mkinikuta Darajani huuliza habari zake kabla hamjauliza zangu, na salamu zenu humfika. Leo mwanamke huyo anaitwa mwizi.

Mambo yalianza Jumatatu usiku. Mtoto wa ami yangu, anayefanya kazi Muscat, alituma picha mbili kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, zote amezitoa Google Earth. Ya kwanza inaonesha shamba letu la urithi huko kaskazini ya Pemba: mikarafuu imesongamana, paa la nyumba, uwanja mtupu. Ya pili ni pale pale, ila kando ya jiko pana mstatili wa rangi ya kahawia iliyokoza, naye ameuzungushia duara jekundu. Chini akaandika: "Hili bati la nani?" Kisha zikamiminika rikodi za sauti. Kwamba shangazi amekata kipande akakiuza. Kwamba mnunuzi keshaezeka. Kwamba mirathi ya baba yake haijagawanywa na tayari inaliwa. Kwamba tusipolipeleka jambo hilo kwa sheha, atalipeleka mwenyewe.

Na watu wakaitikia! Hilo limenikera kuliko hizo sauti. Watu wazima, wengine mwendo wa gari moja tu kutoka shambani, wakatuma emoji za mshangao. Mmoja akasema yeye alikuwa na wasiwasi siku nyingi. Mwingine akaupima ule mstatili kwa kipimo cha kwenye programu na kututangazia mita zake, urefu na upana, kana kwamba amekwenda na kamba. Hakuna aliyempigia shangazi simu. Yeye kundini hayumo. Simu yake ni ya vitufe. Mjukuu wake, mtoto wa shule ya msingi, ndiye aliyezisikia shutuma zile kwenye simu ya jirani, akarudi nyumbani analia.

Nikapanda boti mpaka Mkoani, kisha gari kwenda kaskazini. Nilimkuta shangazi barazani anasuka ukili. Nikamwonesha picha, nikaivuta ikawa kubwa. Hakuwahi kuiona nyumba yake kutoka juu, na kwanza alifurahi sana. Akautambua mnazi wake. Akaifuata kwa kidole njia ya kwendea msikitini, akapita nayo nyuma ya nyumba ya mkunga, akaniambia zamani ilipinda upande mwingine. Akaliona paa la banda la mbuzi akacheka. Hapo ndipo nilipomwonesha duara.

"Hapo kando ya jiko? Ndipo ninapoanikia karafuu, mwanangu."

Nikamwambia mtoto wa kaka yake anasema ni nyumba. Akanirudishia simu, akaushika ukili wake.

"Mwambie aje anioneshe mlango."

Anayeijua Pemba wakati wa karafuu haelezwi, lakini nitawaeleza waliosahau. Karafuu zikishachumwa na kuchambuliwa makonyo hutandazwa juu ya majamvi. Siku ya kwanza ni za kijani zenye wekundu. Jua likiwa zuri, baada ya siku chache huwa kahawia. Majamvi hupangwa bega kwa bega, jirani akileta lake na mkwe lake, mpaka uwanja unafunikwa. Wingu likitanda, nyumba nzima hutoka mbio kuanua. Setilaiti ikipita juu wakati huo, itaona mstatili wa kahawia, na haitakuwa imesema uongo. Aliyesema uongo ni aliyezaliwa nyumba ile, aliyekemewa utotoni kwa kukanyaga karafuu kwenye uwanja ule ule, kisha akaona bati.

Tena picha yenyewe ilikuwa tayari kumwambia kweli, angeiuliza. Tarehe yake imeandikwa pembeni mwa kioo: Septemba 2019. Watu wengi hudhani ramani hizi ni kamera inayotuchungulia muda huu. Sivyo. Tangu Google Earth ilipotoka mwaka 2005, ardhi tunayoiona humo ni vipande vya picha za setilaiti na za ndege vilivyoungwa pamoja, hiki cha mwaka huu, kile cha miaka kadhaa nyuma, na kwa visiwa vyenye mawingu kama vyetu siku ya anga safi husubiriwa. Kijiji kimoja waweza kukitazama cha mwaka huu na cha jirani yake cha zamani, mshono usiuone.

Kuna kivuli pia. Setilaiti nyingi za kupiga picha hupita asubuhi, jua likiwa bado mashariki, na kila kilichosimama hulaza kivuli chake upande wa magharibi. Katika picha ile nyumba ya shangazi ina kivuli, jiko lina kivuli, mnazi una kivuli kirefu mpaka uani. Mstatili hauna hata ukucha wa kivuli. Kitu kisicho na kivuli kimelala chini. Mtoto wa darasa la tano aliyefundishwa jiografia vizuri angeliona hilo kabla ya kuchora duara.

Na lililobaki ndilo linaloniudhi zaidi. Programu hiyo ina sehemu ya kurudi nyuma na kwenda mbele kwa miaka, na picha inayofunguka kwanza si lazima iwe ya mwisho kabisa. Ndugu yangu aliijua sehemu hiyo, maana alirudi nyuma kutafuta picha ya kulinganishia. Mbele hakwenda. Nimekwenda mimi: picha inayofuata, uwanja mweupe. Alitafuta mpaka akapata alichokitaka, akasimama hapo.

Huyo wa kupima mita naye asidhani amesalimika. Picha ya setilaiti mara nyingi hupigwa ubavuni, na kitu chaweza kuonekana mita kadhaa mbali na kilipo. Mpaka wa shamba letu unafuata msufi na jiwe alilolizika babu. Hauhami kwa sababu mtu amegusa kioo.

Nazipenda ramani hizi, tena sana. Usiku nikikosa usingizi huifungua Pemba na kuizunguka taratibu: rangi ya bahari inavyobadilika ghafla kuwa buluu ya kutisha pale mkondo wa Pemba unapoanza, mikoko ya ghuba ya Chake, kisiwa cha Misali na matumbawe yake, Kojani iliyojaa mapaa, kijani cheusi cha msitu wa Ngezi, halafu Ras Kigomasha na mnara wake, ambako nchi inaishia. Navipenda zaidi vijia, zile nyuzi nyembamba kati ya nyumba na nyumba. Serikali haikuvichora wala mhandisi hakuvipima. Miguu ya watu wanaotembeleana ndiyo iliyovikanyaga, na ukiona kimoja kimeota majani, ujue watu wa nyumba hizo mbili hawasemi.

Najua pia walio mbali wanavyoitumia. Muscat, London, Toronto, kuna watu wanaofungua kijiji chao wakamwita mtoto aliyezaliwa huko: njoo uone, hapa ndipo bibi yako alipokuwa akichota maji. Mtoto hajawahi kufika, lakini siku akifika atajua pa kupinda. Hilo ni jambo jema kupita kiasi na ningependa lifanywe kila nyumba.

Yupo Saroo Brierley, yule mtoto wa Kihindi aliyepotea kwa treni mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka mitano, akalelewa Tasmania huko Australia. Ukubwani aliifuata reli kwa reli kwenye Google Earth mpaka mwaka 2011 akautambua mji wake wa Khandwa. Kitabu kikaandikwa, na filamu ya Lion ikatengenezwa mwaka 2016. Alipokwisha kuutambua mji alifanya nini? Alikwenda. Mwaka 2012 alisimama Khandwa kwa miguu yake, akauliza watu, akapelekwa kwa mama yake. Ramani ilimfikisha mjini tu; aliyemfikisha kwa mama ni binadamu aliyeulizwa.

Wachora ramani wanaoheshimika katika Afrika Mashariki wanalijua hilo. Kibera, mtaa wa maelfu kwa maelfu ya watu, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani mpaka mwaka 2009, vijana wa huko huko walipozunguka na vifaa vya GPS wakaandika kliniki, bomba la maji, shule, msikiti na kanisa katika OpenStreetMap. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Mlimani waliingia Tandale na mitaa ya bonde la Msimbazi katika kazi ya Ramani Huria, wakifuatana na wenyeji, kwa sababu mfereji unaofurika na mahali maji yanapofika nyakati za mvua havionekani kutoka angani. Na hapa kwetu Kamisheni ya Ardhi pamoja na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walianza mwaka 2016 kurusha droni juu ya Unguja na Pemba, wakapata picha kali kuliko za setilaiti. Hata wao, wenye picha inayohesabu matundu ya paa, jina la mahali huwabidi wamuulize mwenyeji.

Ndugu yangu hakuuliza, na sababu naijua. Kutuma fedha kumewapa baadhi ya watu cheo cha ukaguzi. Zamani aliyekuwa safarini akiandika barua, nusu ya karatasi ilikuwa salamu: fulani hajambo, mbuzi amezaa, mvua imenyesha? Sasa anaona paa bila kumuuliza mwenye paa, na anadhani amefika. Haki ya kulijua shamba la baba yake anayo, hakuna anayemnyima. Haki hiyo huanza na "Shikamoo, shangazi."

Nilirudi Unguja nikaandika kundini yote niliyoyaandika hapa: tarehe, kivuli, majamvi. Kukawa kimya. Baada ya muda picha zikatoweka, pamoja na sauti zote. Mahali pake pakabaki maneno kwamba ujumbe umefutwa. Asubuhi mtu akatuma dua ya Ijumaa, watu wakaitikia amina, na mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya mwezi ujao. Hivyo ndivyo ukoo wangu unavyotaka jambo hili liishe. Sikubali. Walioitikia shutuma watumie sauti zile zile kuomba radhi, na wampigie simu ile ya vitufe, mmoja mmoja, ili mjukuu naye asikie.

Nawe wa Muscat, lipo jambo ambalo shangazi hakutaka niliseme. Nilipokuwa naaga aliingia ndani akatoa mkoba wa ukili, na ndani yake stakabadhi za Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) za karafuu alizowauzia, msimu kwa msimu, zimefungwa kwa uzi. Tukaitafuta ya Septemba 2019. Nyuma yake, kwa mwandiko wa marehemu mumewe, yameandikwa matumizi ya fedha zile: wachumaji, deni la duka, na mstari wa mwisho, ambao ndio mkubwa, pasipoti na nauli ya ndege kwenda Muscat. Jina la abiria ni lako.