Ukitumia kredo ya Sh100, Sh25 ni za serikali

Unaponunua kredo ya Sh100, simu inakuonyesha Sh100 kamili. Huoni ushuru popote. Lakini ukishaimaliza kwa kupiga simu au kununua bando, takriban Sh25 zimeenda kwa KRA.

Hesabu ni hii. Kenya inatoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa huduma za simu na data. Juu yake inakuja VAT ya asilimia 16, na hiyo haihesabiwi kwa bei ya kampuni pekee bali kwa bei pamoja na ule ushuru wa kwanza. Ndiyo, ushuru nao unatozwa ushuru. Huduma ya Sh75 inakufikia ikiwa Sh100.

Ushuru wa bidhaa ndio ule ule unaotozwa bia na sigara. Mwanafunzi anayetafuta notsi kwa bando ya Sh20 anakatwa kama Sh5, kiwango kile kile anachokatwa bosi wake mzazi. Hilo ni gumu kulitetea.

Na hapo hujafungua kitu. Ukilipia Netflix, kuna VAT nyingine. Kampuni ya kigeni inayouza huduma mtandaoni lazima ijisajili kwa VAT hata mauzo yakiwa madogo, ilhali mfanyabiashara wa hapa husubiri afikishe Sh5 milioni kwa mwaka. Inasikika kama kuwabana wakubwa wa ng'ambo, lakini VAT hulipwa na mteja. Ushuru unaoilenga kampuni yenyewe ni mwingine: ulianza Januari 2021 kwa asilimia 1.5 ya mauzo, na tangu Desemba 27, 2024 nafasi yake imechukuliwa na mwingine unaofikia kama asilimia 3.

Wanasiasa wanaupenda mfuko huu wa data. Ushuru wa bidhaa kwa intaneti ulianza 2018 kwa asilimia 15, ukapanda hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka 20 tena. Ni ule ule uliowatoa Gen Z barabarani, wakipangana kwa X na TikTok, kwa bando hizo hizo, hadi Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi Juni 26. Asilimia 20 ingepita, zile Sh25 zingekuwa Sh28.