Piga Picha, Lakini Usimwekee Chakula



Siku hizi nikifungua statasi za WhatsApp za vijana ninaowahudumia Bukoba na Muleba, sikosi video ya usiku. Komba kaning'inia kwenye mgomba, macho yanawaka. Fungo anapita chini ya mibuni. Popo wananyang'anyana ndizi mbivu. Ni video nzuri kweli, nami naziangalia mpaka mwisho. Lakini ukiitazama vizuri ile ndizi mbivu, haikuivia pale. Imewekwa. Wapo wanaoacha papai zima juu ya kigogo kila jioni ili mgeni asikose kuja.

Msimamo wangu ni huu: picha endelea kupiga, kulisha acha.

Tuanze na pesa, maana tunalima biashara. Hoja ninayoisikia sana ni kwamba ukimwekea mnyama chakula pembeni atashiba na hatagusa shamba. Ingekuwa hivyo kama angekuja peke yake na kama usingekosa hata siku moja. Chakula cha bure kinaita wengine. Siku umesafiri kwenda Mwanza kutafuta soko, wale wageni watakuja saa ileile, watakuta kigogo kitupu, halafu watapanda kwenye mapapai na maparachichi yako. Na nungunungu uliyemzoesha viazi hajui mpaka wa kibanja chako na cha jirani. Jirani hana video wala hana wafuasi mtandaoni, ana hasara tu. Atatega tanzi au ataweka sumu. Sumu hiyo haichagui: itamuua nungunungu, itamuua mbwa wako, na itamuua bundi aliyekuwa anakula panya wa ghala lako bila malipo.

La pili ni afya, na hapa Kagera hatuna haja ya kusimuliwa. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg Bukoba Vijijini, mara ya kwanza katika historia ya Tanzania. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo: watu 10, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, na wote 10 walifariki. Wanasayansi wanajua kirusi hiki kinaishi ndani ya aina ya popo wanaokula matunda na kulala mapangoni, na popo mwenyewe haumwi. Mwaka 2008 watalii wawili, Mmarekani na Mholanzi, waliugua Marburg baada ya kwenda kutazama popo kwenye pango moja la Uganda. Yule Mholanzi alifariki. Walikuwa watazamaji tu, kama wewe na simu yako.

Sisemi kila popo ana Marburg. Nasema kila ukiweka ndizi mlangoni, unawaita popo wale, wateme mate na wakojoe mahali watoto wako wanapocheza asubuhi. Tunda lenye alama ya meno usilikate upande mzuri ukala, wala usimtupie nguruwe. Lifukie, na usilishike kwa mkono mtupu.

Najua kuna watakaosema, basi tuwaue wote. Hapana. Popo wa matunda husambaza mbegu za miti, mvule ukiwemo. Komba anakula wadudu. Isitoshe, kumkimbiza popo au kumpiga kunakusogeza karibu na mate na damu yake, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Pia kumkamata komba na kumfunga kamba ili apigwe picha mchana bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Sasa kwa nini natetea picha? Kwa sababu picha ya mnyama asiyelishwa inakuambia ukweli wa shamba lako. Serengeti watafiti walitega kamera 225 kuanzia mwaka 2010, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, wakajua nani anapita wapi na saa ngapi. Bangladesh walikwenda mbali zaidi. Kule watu hukinga utomvu wa mitende usiku ili waunywe asubuhi, na kukawa na ugonjwa wa Nipah unaoua. Kamera zikaonyesha popo wakilamba utomvu na kukojolea vyungu. Dawa yake ikawa kufunika sehemu ile ya mti kwa mkeka wa mianzi. Hakuna popo aliyeuawa.

Hebu tufikirie lubisi yetu. Ndizi zimeiva, juisi imekamuliwa, imelala kwenye mtumbwi usiku kucha. Umewahi kutega kamera pale ukaona nani anakuja? Kama hujawahi, anza na kufunika.

Kwa anayetaka kuanza, fanya hivi:

1. Tega kamera au simu kwenye njia anayopita mwenyewe: penye nyayo, kinyesi au ua uliotoboka. Usiweke chambo.
2. Zima mwanga wa simu. Unamsumbua mnyama na utapata macho tu.
3. Andika tarehe, saa na zao lililoguswa. Wiki mbili zinatosha kukuonyesha mpangilio.
4. Fanya uamuzi kwa ulichoona. Kama ni popo kwenye mapapai, vuna yakianza kubadilika rangi, usisubiri yaive mtini. Kama ni nungunungu kwenye muhogo, imarisha ua sehemu ya chini anapochimba. Kama ni mtu anaiba mikungu, peleka picha kwa mwenyekiti wa kitongoji.
5. Asubuhi okota matunda yote yaliyoanguka. Hicho nacho ni chakula cha bure, hata kama hukukusudia.
6. Usitaje kijiji unaporusha picha, hasa ukipata bahati ya kakakuona. Majangili nao wana simu.

Walio upande wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato wajue mgeni wao anaweza kuwa tembo au kiboko. Hapo usitoke na simu. Toa taarifa ofisi ya kijiji mapema. Picha ya uharibifu, iliyopigwa kukishakucha, itakusaidia kwenye madai ya kifuta jasho.

Na ukipata homa kali ya ghafla ndani ya wiki tatu baada ya kugusa popo au kuingia pangoni, piga 199 bure, useme wazi uligusa nini. Usijifiche na usianze na dawa za dukani.

Kijana mmoja aliniuliza, kama hawekei ndizi, video zitatoka wapi? Nikamwambia atege kamera penye ua uliotoboka, asubiri wiki. Video zitakuwa chache, hilo sitamdanganya. Ila atajua nani anamla, na mapapai yake yatafika sokoni bila alama za meno.

Aliyetega tayari anitumie picha na saa. Tutaangalia pamoja cha kufanya.